Tairi, matope na mito ya msimu: mahali gari linapopita na mahali lisipopita

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, maduka ya tairi mjini Kitui, Mwingi, Wote na Emali hupokea swali lile lile: ni tairi gani inayopita matope? Swali hilo lina msingi. Mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba ndizo ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, na huja wakati maembe ya Makueni yanapoanza kuiva. Lori la kuchukua maembe mashambani, pikapu ya kupeleka dawa kwenye zahanati na bodaboda inayomkimbiza mama mjamzito hospitalini zote hulazimika kusafiri katika miezi ambayo barabara za udongo ziko katika hali mbaya zaidi. Ndiyo maana mwenye gari huwa tayari kulipa pesa nyingi apate tairi pana zenye meno makubwa, akiamini zitampitisha popote.

Zitampitisha pengi. Lakini kuna mahali pawili ambapo tairi hizo hizo zinaweza kumponza: kwenye lami iliyolowa na kwenye mto uliofurika. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuanza na jinsi tairi inavyoshika ardhi.

Sehemu ya tairi ya gari dogo inayogusa ardhi kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba gari zima, vinavyolipindisha kwenye kona na kulisimamisha. Kwenye ardhi ngumu, mpira hushika kwa kujikandamiza kwenye vijishimo na vikokoto vya barabara. Kwenye ardhi laini, mpira wenyewe hauna la kushika, kwa hiyo kazi hufanywa na meno, yaani vile vipande vya mpira vinavyotokeza na kuchimba udongo. Mvua huharibu njia ya kwanza kwa kuweka utando wa maji au tope kati ya mpira na barabara. Njia ya pili huifanya iwe rahisi au isiwezekane kabisa, kulingana na aina ya udongo.

Lami iliyolowa

Barabara Kuu ya Mombasa hupita Makueni, ikipitia Sultan Hamud na Mtito Andei, na barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imewapa wakazi wa kusini njia ya kwenda kasi. Huko hatari haionekani kwa macho kama tope. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganya vumbi, mafuta na mabaki ya mpira yaliyojikusanya kwa miezi, na kwa muda mfupi lami huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Mvua ikiendelea, shida huwa maji yenyewe. Mifereji iliyo kwenye tairi imewekwa ili kuyatoa maji upande na nyuma. Gari likienda kasi kuliko mifereji inavyoweza kuyatoa, maji hujikusanya mbele ya tairi na kuiinua, na gari huanza kuelea juu ya lami. Usukani huwa mwepesi ghafla, na breki hazina kazi kwa sababu hakuna kinachogusa chini. Tairi ya gari dogo yenye upepo wa kawaida inaweza kufikia hali hiyo karibu na kilomita 90 kwa saa palipo na maji yaliyotuama. Tairi iliyokwisha meno, au yenye upepo pungufu, huelea kabla ya hapo. Dereva aliyepatikana na hali hiyo huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani bila kuupinda na hungoja tairi zirudi chini zenyewe.

Tairi ya matope haisaidii hapa. Tairi za aina hiyo, ambazo huandikwa M/T ubavuni, zina mapengo makubwa kati ya meno, na pengo haligusi lami. Mpira unaoshika ni mdogo, nao mara nyingi ni mgumu na hauna ile mikato myembamba kama ya wembe inayofyonza utando wa maji. Gari lenye tairi hizo huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama kwenye lami yenye maji kuliko lile lenye tairi za kawaida. Anayeishi Mutha na kwenda Kitui mjini mara moja kwa mwezi anaweza kuvumilia hilo. Anayeishi Emali na kusafiri kwa lami kila siku hana sababu ya kuzinunua. Tairi za kati, zilizoandikwa A/T, hutosha kwa wengi wanaotumia lami na barabara ya murram kwa zamu.

Kuhusu tairi kuisha, mtu hahitaji kipimo cha fundi. Ndani ya mifereji mikuu kuna vijituta vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani kwenye kina cha milimita 1.6. Meno yakishalingana na vijituta hivyo, tairi imekwisha, hata kama kwa mbali bado inaonekana kuwa na michoro.

Udongo mwekundu na udongo mweusi

Kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu udongo ni mwekundu na barabara zina miteremko mikali. Mvua ya saa moja hulowesha sentimita chache za juu tu. Chini yake ardhi bado ni ngumu. Hii ni bahati, kwa sababu tairi nyembamba yenye meno makali inaweza kulikata tope hilo jembamba na kufikia ardhi ngumu chini. Tairi pana hufanya kinyume, kwani uzito wa gari husambaa, tairi haikati, na gari huteleza juu ya tope kama samaki juu ya jiwe. Madereva wa zamani wa vilima hivyo hawakukosea walipopenda tairi nyembamba.

Kushuka mteremko huo ni hatari kuliko kuupanda. Gari likishindwa kupanda, hukwama au hurudi nyuma polepole. Likiteleza likishuka, huenda korongoni. Giya ndogo iwekwe kabla ya kuanza kushuka, injini ishikilie gari, na breki ziguswe kwa upole. Magurudumu yakifungwa na breki, hayapindiki tena.

Kwenye mbuga tambarare hali ni nyingine. Udongo mweusi wa pamba, unaopasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi, hufyonza maji na kuvimba. Ukishalowa vizuri hauna ardhi ngumu karibu. Tairi nyembamba huzama mpaka gari linakalia tumbo. Hapa ndipo upana na meno makubwa yanapolipa gharama yake, lakini kwa sharti moja: tairi iweze kujisafisha. Udongo huu hunata. Mizunguko michache inatosha kujaza mapengo yote, na tairi ya bei ghali inageuka mpira mviringo wa udongo usio na jino hata moja. Tairi ya matope ina mapengo mapana ili mzunguko wa kasi urushe udongo nje. Kwa hiyo dereva anayepita kipande kama hicho hutumia giya ya pili badala ya ya kwanza, huweka mwendo usiobadilika, na hasimami katikati. Akiona gari limeacha kwenda mbele huku magurudumu yanazunguka, huacha mara moja, kwa kuwa kila mzunguko unaofuata unachimba kaburi la ekseli.

Waendeshaji bodaboda wanaujua udongo huu kwa namna yao. Hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linafungwa na pikipiki inamwangusha mwenyewe. Tairi yenye meno haisaidii nafasi hiyo ikiwa finyu. Wengi huiinua madigadi ya mbele mvua zinapoanza, na hilo ni jambo la busara. Kubeba abiria wawili juu ya tope hilo si busara, hata wakiwa wembamba.

Kwenye tope na mchanga, silaha ya bei nafuu kuliko tairi mpya ni kupunguza upepo. Tairi yenye upepo kidogo hulala, alama yake ardhini huwa ndefu, na uzito husambaa. Pikapu inayotumia upepo wa 32 kwenye kipimo cha psi inaweza kushushwa hadi karibu 20 ili kupita mchanga mkavu wa lagha au kipande kibaya cha udongo mweusi. Masharti ni mawili. Kwanza, gari liende polepole na upepo urudishwe kabla ya kufika lami, kwa sababu tairi iliyolala hupata joto na kupasuka ikikimbizwa. Pili, lori lililojaa mzigo lisishushwe hivyo. Kwa lori dawa ni kupunguza mzigo, au kufunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, kama wanavyofanya madereva wa nchi za baridi.

Tairi za theluji zilizofika Ukambani

Theluji si jambo la Kitui wala Makueni, lakini tairi zake zimefika. Magari mengi yanayoletwa nchini yakiwa yametumika hutoka Japani, na baadhi yao hutoka sehemu ambazo barabara hufunikwa na theluji miezi kadhaa ya mwaka. Gari likipakiwa melini na tairi zake za majira ya baridi, ndizo zinazofika Mombasa, na pengine ndizo zinazoishia kuuzwa kando ya barabara zikiwa na meno mengi yanayovutia macho.

Tairi hizo ni nzuri kwa kazi yake. Theluji hushikana na theluji. Tairi ya baridi huibana ndani ya mapengo yake, na theluji iliyobanwa huishika ile iliyo chini. Hii ni tofauti kabisa na tope, ambalo likijaa ndani ya tairi huiua. Kwenye barafu, ambayo haichimbiki, kazi hufanywa na mikato mingi myembamba na mpira laini sana usiokakamaa kwenye baridi. Nchi nyingine huongeza vijimisumari vya chuma.

Mpira huo laini ukiletwa kwenye lami ya Kibwezi saa nane mchana, huwa laini kupita kiasi. Meno huyumba, gari huchelewa kusimama, na tairi huisha upesi. Anayenunua gari au tairi zilizotumika asome ubavuni. Neno STUDLESS au SNOW, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake, huonyesha tairi ya baridi. Herufi M+S peke yake hazitoshi kuhukumu, kwa sababu huwekwa pia kwenye tairi nyingi za kawaida za magari ya mashambani. Asome pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na tairi yenye nyufa ndogo ubavuni haifai hata ikiwa meno yake ni mapya.

Mto uliofurika

Hapa mjadala wa tairi unaisha. Mito mingi ya kaunti hizi mbili, kama Tiva, Thua, Enziu na Kaiti, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia za mchanga ambazo watu huvuka kwa miguu wakichota maji visimani. Mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka kwa ghafla na kufika kivukoni mahali ambapo huenda hakuna tone lililoanguka. Vivuko vingi ni vya saruji iliyolazwa chini, vile ambavyo wengi huviita drifti. Vimejengwa maji yapite juu yake, na gari lingoje.

Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na wengine waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya Mto Enziu, karibu na Mwingi, mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Lilizama, na zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2024, wakati wa mafuriko yaliyokumba sehemu nyingi za nchi, lori lililokuwa na watu lilisombwa Kwa Muswii, Makueni. Baadhi waliokolewa, wengine hawakuokolewa. Basi na lori si magari madogo, na tairi zake ni kubwa kuliko za pikapu yoyote iliyopambwa kwa ajili ya matope.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Maji ya ujazo wa mita moja kwa kila upande yana uzito wa tani moja, na kitu kinachoyasukuma kando huinuliwa kwa nguvu hiyo hiyo. Chukua gari dogo la kubebea mizigo na abiria, lenye sakafu ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake, kabla hayajaingia ndani, huliinua kwa karibu kilo 640. Likiwa na watu wanne, gari hilo lina uzito wa kama kilo 1,400. Sentimita 11 juu ya sakafu, nusu ya uzito imeshabebwa na maji, na sentimita 22 linaelea. Kila kilo inayobebwa na maji ni kilo iliyoondoka kwenye tairi, na tairi isiyokandamizwa haishiki kitu hata ingekuwa na meno ya trekta. Tairi pana iliyojaa upepo yenyewe huwa kama dumu tupu majini na kuongeza kuinuka huko.

Wakati huo huo maji yanasukuma ubavuni. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, nchi ambayo nayo hupoteza watu wengi kwa njia hii, huwaambia madereva kwamba maji ya sentimita 30 yanayokimbia yanaweza kulichukua gari dogo, na sentimita 60 zinatosha kuchukua hata magari makubwa ya familia na pikapu. Sentimita 60 hufika juu kidogo tu ya goti la mtu mzima.

Kilichojificha chini ni kibaya zaidi. Maji ya rangi ya chai hayaonyeshi kama ukingo wa saruji umemomonyoka, wala kama palipochotwa mchanga wakati wa kiangazi pana shimo. Gari lililotangulia kupita salama dakika tano zilizopita halithibitishi chochote, kwa kuwa maji ya mito hii hupanda haraka. Nguzo za kando ya kivuko ziliwekwa kuonyesha ukingo na kina. Zisipoonekana, gari lisimame. Abiria ana haki ya kumwambia dereva, "Simama nishuke," na kondakta asimzuie.

Hata maji yakipungua, kuna mtego mmoja ambao wageni hawaujui. Kitui na Makueni zina mabwawa mengi ya mchanga, yale ya ukuta wa saruji unaozuia mchanga na maji ndani yake. Upande wa juu wa ukuta, mchanga huonekana mkavu na tambarare, kumbe umeshiba maji. Mtu hupita bila shida. Lori la tani saba huzama mpaka kwenye ekseli. Njia ya gari ipite upande wa chini wa ukuta, au mbali nao kabisa.

Barabara ya wote

Kuna sababu nyingine ya kungoja ambayo haihusu usalama wa dereva peke yake. Tairi yenye meno makubwa chini ya lori lililojaa hulima barabara ya udongo iliyolowa kama jembe la ng'ombe. Mifereji inayoachwa hukusanya maji ya mvua inayofuata, maji hukata barabara, na wiki mbili baadaye hata bodaboda haipiti. Barabara ya murram yenye mitaro inayofanya kazi inaweza kukauka vya kutosha kwa nusu siku ya jua. Udongo mweusi huhitaji siku kadhaa. Mnunuzi wa maembe anayekubaliana na wakulima kupeleka mzigo kwa mikokoteni au pikapu ndogo hadi barabara kuu hupoteza muda kidogo, lakini huikuta njia wiki inayofuata.

Gari likikwama kwenye mto mkavu au kivukoni, abiria hushuka kwanza na kwenda kwenye ukingo ulio juu, pamoja na mizigo wanayoweza kubeba, kisha ndipo kazi ya koleo, matawi na kamba inapoanza. Likikwama maji yakiwa yanapanda, mizigo iachwe, na watu watoke upesi kupitia madirisha iwapo milango imebanwa na maji. Gari lililopita maji salama likaushwe breki kwa kuzigusa polepole mara kadhaa, kwa sababu breki zilizolowa haziwezi kulisimamisha kwenye mteremko unaofuata. Msaada wa dharura hupatikana kwa nambari 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Anayepiga ataje jina la mto, upande wa kivuko alipo, na idadi ya watu walio ndani ya gari.